Jina lililolala miaka 100: somo la biashara kutoka kiwanda cha familia ya Nelson

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo tafuta pa kukaa. Kama uko dukani na wateja wanaingia, hifadhi hii posti uje uisome usiku.

Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana mteja mmoja wa Dar alinitumia meseji WhatsApp: "Dada samahani, hii asali ni ya babu yako kweli?" Kwenye lebo nilikuwa nimeandika ASALI YA BABU, BUSUNZU. Swali lenyewe dogo, lakini nilikaa nalo siku tatu bila kujibu. Na tiki za bluu zimeshaonekana, anajua nimesoma.

Ukweli ulikuwa hivi. Babu yangu alikuwa mfugaji nyuki kweli. Alitundika mizinga ya magogo porini, na watu walikuwa wanatoka Kasulu na Kibondo kuja kuifuata asali yake hapa hapa Busunzu. Ila babu alifariki nikiwa kidato cha pili. Mizinga ikaachwa, mingine ikaoza, mingine ikaungua na moto wa kiangazi. Asali niliyokuwa nauza mimi nilikuwa naichukua kwa wafugaji wa vijiji vya jirani, naichuja, naifungasha. Ni asali nzuri, haina sukari wala maji. Ila ya babu haikuwa.

Siku hizo hizo nikiwa nahangaika na jibu ndipo nikakutana na historia ya kiwanda kimoja cha wiski cha Marekani. Nikasoma mpaka simu ikazima. Leo nawaletea hiyo historia, maana ndani yake nimepata jibu la yule mteja na mambo mengine ambayo wengi wetu tunayakosea.

Tuelewane kabla ya kuendelea. Mimi pombe situmii, na sikwambii utumie. Na mtu asije akasema dada wa Busunzu katufundisha kupika gongo, gongo ni kosa kisheria. Hapa tunasoma biashara tu.

KIJANA ALIYEFIKA BILA KITU

Mwanzilishi anaitwa Charles Nelson. Alizaliwa tarehe 4 Julai 1835 huko Ujerumani, mtoto wa kwanza kati ya sita. Baba yake alikuwa na kiwanda cha sabuni na mishumaa. Mwaka 1850 baba akaamua kuhamia Marekani na familia yote. Akauza kiwanda, hela yote akaigeuza dhahabu, na ile dhahabu akaishonea kwenye nguo zake.

Wakapanda meli. Njiani bahari ikachafuka vibaya, watu wakatumbukia majini, na baba mtu akiwa mmoja wao. Uzito wa dhahabu ukamvuta chini. Familia ilifika New York bila baba na bila mtaji. Charles alikuwa na miaka 15, akawa ndiye kichwa cha nyumba.

Alianza na kile alichokijua, sabuni na mishumaa. Akiwa na miaka 17 hivi akahamia mji wa Cincinnati, akaingia kwenye biashara ya bucha. Huko kwa wachinjaji wenzake ndiko alikojifunza mambo ya wiski, jinsi inavyopikwa na jinsi inavyouzwa. Baadaye akahamia Nashville, jimbo la Tennessee, akafungua duka la vyakula. Bidhaa zake kubwa zilikuwa tatu: kahawa, nyama na wiski.

Hapo tusimame kidogo. Hakuanza na kiwanda, alianza na duka la kawaida kama langu na lako. Akawa anaangalia kipi kinatoka haraka kuliko vingine. Wiski ndiyo ikawa inakimbia, na mzigo aliokuwa anapikiwa na kiwanda kimoja cha mji wa Greenbrier haukutosha. Ndipo mwaka 1870 akaachana na duka, akanunua kile kiwanda kilichokuwa kinampikia. Akanunua na ghala la mapipa Nashville, pamoja na hati ya ugunduzi wa njia bora ya kupikia.

Kuna wenzetu wanafungua ukurasa leo, kesho wanauza viatu, mafuta ya nywele, vyombo na kuku kwa mpigo. Sio vibaya kuanza na vingi. Ubaya ni kukaa na vingi miaka mitatu bila kujua kipi ndicho kinachokulisha. Chukua daftari lako la mwezi uliopita uangalie. Kama daftari huna, basi tatizo lako la kwanza umeshalijua.

JINA KWENYE CHUPA

Zamani zile wiski ilikuwa inauzwa kwenye mapipa na madumu. Mteja anakuja na chombo chake anapimiwa, kama sisi tunavyopima mawese na mafuta ya taa. Charles alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kuuza wiski iliyofungwa kwenye chupa.

Faida yake ni nini? Bidhaa ya kupima haina jina. Ikishaingia kwenye dumu la mteja ni wiski tu, kama maharage yakishaingia kwenye kiroba ni maharage tu. Ikifungwa na lebo, jina linasafiri na mzigo. Mtu akiipenda akiwa mbali anajua aagize nini.

Na lilisafiri kweli. Mwaka 1885 kiwanda cha Nelson kiliuza karibu galoni 380,000 kwa mwaka, zaidi ya lita milioni 1.4, ambazo ni kama chupa milioni 2. Jack Daniel's unayoiona leo kila baa kubwa, wakati ule ilikuwa ndogo sana ukiilinganisha na hii. Watu walikiita kiwanda cha Nelson kwa jina la utani Old Number Five, kwa sababu kwenye daftari la serikali kilikuwa kimesajiliwa namba 5.

Sisi watu wa huku juu tunalima maharage, tunarina asali, majirani zetu wa ziwani wanakamua mawese, halafu tunauza kwa gunia na kwa dumu. Mtu wa mjini anaweka kwenye kifungashio kizuri, anaandika jina lake, anauza mara mbili ya bei. Tukimwona tunasema ametunyonya. Hajatunyonya, ameweka jina pale ambapo sisi tuliacha wazi.

MAMA LOUISA

Charles alifariki Desemba 1891. Biashara ngapi tumeona zinakufa pamoja na mwenye nazo? Duka linafungwa siku ya msiba halifunguki tena, na wadeni wote wanapoteza kumbukumbu siku hiyo hiyo.

Hii haikufa. Mke wake, Louisa Nelson, akaishika. Zama zile ilikuwa nadra sana mwanamke kuongoza kiwanda cha pombe, lakini yeye alikiongoza miaka kama 18. Huwezi kushika kiwanda cha ukubwa ule kama hujui mzigo unatoka wapi, nani anadaiwa, na mapipa mangapi yako ghalani.

Jiulize swali hili leo. Ukipata ajali ya bodaboda ukalazwa wiki mbili, nani anajua neno la siri la ukurasa wako? Nani anajua dumu la yule mama wa Kakonko limeshalipiwa? Kama jibu ni hakuna, biashara yako ina roho moja tu, ya kwako. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini: mume, mke, mdogo wako, yeyote. Kumwonyesha sio kumpa. Ni ajue pa kuanzia.

SHERIA IKAFUNGA MLANGO

Mwaka 1909 jimbo la Tennessee likapiga marufuku utengenezaji wa pombe. Mama Louisa hakuwa na kosa. Ilikuwa sheria tu. Kiwanda kikafungwa. Mwaka 1920 nchi nzima ya Marekani ikaingia kwenye marufuku, na mpaka inaondolewa mwaka 1933, kina Nelson walikuwa kwenye shughuli nyingine.

Hata baada ya hapo Tennessee iliendelea kubana. Kwa miaka mingi ni wilaya tatu tu za jimbo zima zilizoruhusiwa kupika pombe kali. Mpaka mwaka 2009 ndipo sheria ikafungua wilaya nyingine kadhaa.

Hapa nataka ushike jambo moja. Biashara inaweza kufungwa na kitu ambacho huna uwezo nacho. Leo mpaka uko wazi, kesho umefungwa. Leo ukurasa wako una wafuasi 8,000, kesho umezimwa na hujui hata ulikosea nini. Jengo linakwenda, mzigo unakwenda. Kinachobaki ni jina na maandishi. Kama wafuasi wako wote wako kwenye mtandao mmoja na namba zao huna, siku ukizimwa unaanza sifuri. Ziandike namba za wateja kwenye daftari la karatasi. Leo, sio kesho.

VIJANA WAWILI KWENYE BUCHA

Tunaruka karibu miaka 100, tuko mwaka 2006. Kizazi cha sita ukianzia kwa Charles mwenyewe, kuna vijana wawili, Andy na Charlie Nelson, mtu na mdogo wake. Nyumbani walikuwa wanasikia tu kwamba babu wa zamani aliwahi kupika wiski. Hadithi za wazee, unajua zinavyoingia sikio hili zinatokea lile.

Siku moja baba yao aliwachukua waende Greenbrier kwa mchinjaji mmoja, walikuwa wamechangia ng'ombe na watu wengine. Njiani wakaona kibao cha kumbukumbu kando ya barabara kinachotaja kiwanda cha Nelson. Walipofika buchani wakamuuliza yule mchinjaji anajua nini kuhusu hicho kiwanda. Akawaonyesha ghala la zamani la mapipa, bado limesimama, na chemchemi ya maji ambayo bado inatiririka. Halafu wakaenda kwenye chama cha historia cha mji ule, wakakuta chupa mbili za wiski yao ya zamani, na jina la ukoo wao juu ya lebo.

Ona mzunguko wake. Charles alijifunza wiski kwa wachinjaji, na vining'ina wake wakaelekezwa na mchinjaji. Usidharau mtu unayekaa naye kijiweni.

Wale vijana hawakukimbilia mkopo siku hiyo. Walitumia kama miaka mitatu kutafuta habari, kwenye nyaraka, magazeti ya zamani na kumbukumbu za mji. Kwenye gazeti moja la zamani wakapata mchanganyiko wa nafaka uliotumika kwenye wiski ile. Mwaka 2009, miaka 100 baada ya kufungwa, wakaianzisha upya kampuni kwa jina lile lile, Nelson's Green Brier Distillery.

Mapishi ya ukoo yalipatikana gazetini, sio nyumbani. Kama lile gazeti lisingeandika, yangekuwa yamepotea. Mimi babu alikuwa na namna yake ya kumpaka mzinga ili nyuki waingie haraka. Wote nyumbani tunajua alikuwa anapaka kitu. Kitu gani? Hakuna aliyeandika, hata mimi niliyekuwa nasoma na kalamu ninayo. Hilo linaniuma mpaka leo.

SASA TATIZO LA HELA

Wiski haifanani na maandazi, kwamba unakaanga asubuhi na mchana umeshauza. Unanunua mtambo wa shaba, unajenga, unanunua mapipa, unapika, halafu unaiacha kwenye mapipa miaka. Muda wote huo mishahara inalipwa na kodi inalipwa, na hakuna chupa hata moja uliyouza. Wao walikuwa na jina na mapishi. Hela hawakuwa nayo.

Wakafanya hivi. Enzi zake Charles hakuwa na wiski aina moja, kulikuwa na majina mengi. Jina mojawapo ni Belle Meade Bourbon. Vijana wakalifufua hilo kwanza. Wiski ya kuweka ndani hawakuipika wao, waliinunua ikiwa imeshakaa kwenye mapipa, kutoka kiwanda kikubwa kilichoko jimbo la Indiana. Wakachagua, wakachanganya kwa kipimo chao, wakaweka kwenye chupa na kuanza kuuza mwaka 2012.

Kwa hiyo wakawa kama mimi: jina la babu nje, mzigo wa mtu mwingine ndani. Moyo ukanidunda niliposoma hapo.

Tofauti yangu na wao ni hii. Sheria ya Marekani inataka wiski ya namna hiyo ionyeshe kwenye lebo imepikwa jimbo gani, kama sio jimbo la huyo anayeiuza. Mnunuzi akigeuza chupa anaona. Na lile jina kubwa, jina la wiski yenyewe ya babu, hawakuliweka kwenye wiski ya kununua. Walilitunza mpaka wapike ya kwao.

Faida ya Belle Meade ikasaidia kujenga. Mwaka 2014 wakafungua kiwanda chao Nashville, na mtambo wao wa shaba wakaupa jina la bibi yao, Louisa. Wakapika, wakaiweka kwenye mapipa, wakasubiri. Mwaka 2019 ndipo ikatoka sokoni Nelson's Green Brier Tennessee Whiskey, iliyopikwa na wao wenyewe, kwa mchanganyiko ule wa zamani. Hesabu kutoka siku ya bucha, ni miaka 13.

MLANGO MMOJA WALIOUFUNGUA

Nisiwafiche na hili. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya vinywaji, Constellation Brands, ilinunua sehemu ndogo ya hisa zao. Mwaka 2019, mwaka ule ule wiski ya babu inarudi, ikaongeza ikawa na sehemu kubwa kuliko familia.

Wengine watasema wameuza urithi. Wengine watasema bila hela ile wasingefika mbali. Mimi sihukumu. Ninachojua, akija mtu kwako na hela akasema "tushirikiane", swali la kwanza sio ataleta shilingi ngapi. Swali ni baada ya kuleta, nani ana neno la mwisho, na jina ni la nani? Muandikishane kabla hela haijaingia mkononi, mbele ya mashahidi.

Na kwa hapa kwetu, kusajili jina la biashara BRELA ni jambo moja, na kusajili alama ya biashara ni jambo jingine, ingawa vyote kwa Tanzania Bara vinafanyika BRELA. Jina la biashara linakutambulisha. Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asiibandike kwenye bidhaa yake. Unasajiliwa miaka 7, halafu unahuisha kila miaka 10. Wengi tuna la kwanza tukidhani tuna yote mawili. Na kama unafungasha chakula, fika ofisi ya SIDO iliyo karibu uulize taratibu za TBS, usisubiri mpaka mzigo uzuiliwe.

NILIMJIBU NINI YULE MTEJA

Siku ya nne nilimwandikia: "Dada, nisamehe kwa kuchelewa. Babu yangu alikuwa mrina asali ila ameshafariki. Hii nachukua kwa wafugaji wa vijiji vya huku kwetu, nachuja na kufungasha mwenyewe. Jina niliweka kwa kumkumbuka. Nitarekebisha lebo."

Akasoma, kimya. Nikajua nimempoteza. Jioni akajibu: "Sawa. Nilitaka tu kujua. Nitumie lita tano. Ya babu ikiwepo uniambie."

Sio wote walikuwa hivyo. Niliposema ukweli kwenye status yangu, wawili walirudisha mzigo na nikawarudishia hela yao. Mwezi ule ulikuwa mgumu. Lakini lebo nilibadilisha. Sasa imeandikwa ASALI YA BUSUNZU, na chini kwa herufi zinazosomeka: imerinwa na wafugaji wa vijiji vya Kibondo, imefungashwa Busunzu. Jina la babu nimeliweka pembeni, kama wale vijana walivyoliweka pembeni la kwao.

Kutoka kwenye faida ya asali ya kununua nimeshatundika mizinga sita. Miwili imeingia nyuki. Shangazi yangu mkubwa ndiye aliyebaki anayekumbuka mambo ya babu, kwa hiyo kila nikienda kumsalimia nabeba daftari. Wiki iliyopita kaniambia anadhani alikuwa anapaka nta iliyochanganywa na majani fulani. Jina la majani limemtoka. Nimeacha mstari wazi, akikumbuka nitaandika.

KAZI YA WIKI HII

1. Andika bidhaa zako zote na uangalie ipi ilikuletea faida kubwa mwezi uliopita.
2. Andika namba za wateja wako kwenye daftari la karatasi.
3. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini jinsi biashara yako inavyokwenda.
4. Soma lebo yako na maneno ya ukurasa wako kama mteja. Kuna neno ambalo ukiulizwa "kweli?" utakaa siku tatu bila kujibu? Libadilishe.
5. Kama kuna mzee nyumbani anayejua kupika, kusuka, kufuga au kutengeneza kitu, mfuate na kalamu akiwa bado anakumbuka.

Niambie kwenye komenti: nyumbani kwenu kuna jina gani la biashara ambalo wazee walilianzisha na sasa limelala? Nitazisoma zote.

Tukutane somo lijalo. Biashara njema, na mvua zikianza mfunike mizigo yenu vizuri.